Jicho Halingoji Kuiva



Katika vijiji vingi huonekana jambo ambalo watu wamelizoea hata hawaliulizi tena. Mzee anatembea njiani ameshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na mjukuu wa miaka minane au tisa anayetangulia mbele. Wapitao huwaamkia, mzee huitikia kwa kuzitambua sauti, na safari huendelea. Akiulizwa mwenye nyumba ni nini kilichompata baba yake, jibu huwa ni neno moja: uzee. Na akiongeza lolote, atasema kwamba hospitali walikwisha kwenda, wakaambiwa ni mtoto wa jicho lakini hajaiva. Basi wanangoja aive ndipo mzee akapasuliwe.

Mazungumzo haya yanahusu kungoja huko. Macho hayaharibiki kwa njia moja, na kila ugonjwa wa macho una hesabu yake mintarafu ya muda. Upo upofu ambao mtu akikaa nao miaka kumi bado huweza kurudishiwa nuru yake kwa kazi ya robo saa. Upo mwingine ambao kila mwezi unaopita huondoka na sehemu ya nuru isiyorudi kamwe. Kwa mtu wa pembeni, na aghalabu kwa mgonjwa mwenyewe, aina hizi hufanana. Wote husema tu kwamba macho yana ukungu. Ndipo mmoja anapongoja bila sababu, na mwingine anapongoja hadi amechelewa.

Jicho laweza kufananishwa na chumba chenye dirisha moja. Nuru huingia kwa mbele kupitia konea, ambayo ni kama kioo chembamba kilicho safi. Hupita katika mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati. Kisha hupita katika lenzi, ambayo huikusanya na kuitupa juu ya retina, utando ulio kwenye ukuta wa nyuma. Kutoka hapo mshipa wa fahamu huchukua habari na kuzipeleka kwenye ubongo. Chochote kati ya hivyo kikiharibika mtu haoni vyema, lakini tiba ya dirisha si tiba ya ukuta, wala tiba ya ukuta si tiba ya mshipa unaotoka nyuma yake.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa lenzi. Lenzi ya kijana ni angavu kama maji. Miaka inapopita hugeuka manjano, kisha kijivu, na mwisho huwa nyeupe kama kamasi ya yai lililochemshwa. Jina lenyewe huwapotosha wengine wakadhani kuna kitu kilichoota juu ya jicho, ambacho chaweza kukwanguliwa au kuyeyushwa kwa dawa. Haiko hivyo. Kilichobadilika ni lenzi yenyewe, nayo iko ndani, nyuma ya mboni. Hakuna dawa ya matone, ya hospitali wala ya mitishamba, inayoweza kuirudishia uangavu wake, na utomvu wa majani unaotiwa machoni huishia kuichoma konea, hata jicho lililokuwa na ugonjwa mmoja likawa na miwili. Uzee ndio unaouleta mara nyingi, lakini waweza pia kuletwa na pigo la jicho, kisukari, au matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa. Duniani kote ndio ugonjwa unaowapofusha watu wengi kuliko mwingine wowote.

Je, hili la kungoja aive limetoka wapi? Ni vyema lielezwe, kwa sababu halikuwa upuuzi. Lilikuwa kweli, kisha likaacha kuwa kweli, na habari hazikuwafikia watu.

Katika zama za kale, huko India na kwingineko, waganga walitumia sindano kuisukuma lenzi iliyoharibika itumbukie nyuma ya jicho. Nuru iliingia, mgonjwa akaona vivuli, na macho mengi yakaoza baadaye. Sehemu fulani za Afrika Magharibi desturi hiyo haijafa hata leo. Mwaka 1747 daktari Mfaransa, Jacques Daviel, alianza kulipasua jicho na kuitoa lenzi nje kabisa, na kwa miaka mia mbili iliyofuata hiyo ndiyo njia iliyoboreshwa. Lakini jicho lisilo na lenzi haliwezi kukusanya nuru. Kwa hiyo mgonjwa alipewa miwani mizito, minene kama kitako cha chupa, iliyokuza vitu na kuvipinda pembeni. Aliyevunjikiwa na miwani hiyo alirudi kuwa kipofu siku hiyo hiyo. Daktari mwenye busara hakumfanyia hivyo mtu aliyekuwa bado anaona kiasi cha kutembea. Alimwambia angoje mpaka asione kitu, ili hata ile miwani iwe nafuu kwake. Isitoshe, lenzi iliyokwisha kuwa ngumu ilitoka kwa urahisi zaidi. Hiyo ndiyo maana ya kuiva.

Jambo lililoibatilisha kanuni hiyo lilizaliwa vitani. Mwaka 1940 marubani wa Uingereza walipokuwa wakipigana angani na Wajerumani, vifuniko vya plastiki vya ndege zao vilipasuliwa na risasi na vipande vyake vikawaingia machoni. Daktari mmoja wa London, Harold Ridley, aliyewatibu baadhi yao, akaona jambo la ajabu: vipande vile vilikaa ndani ya jicho miaka na miaka bila kuliwasha wala kuliozesha. Jicho liliikubali plastiki ile. Baadaye, mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyekuwa akimtazama akitoa mtoto wa jicho alimwuliza kwa nini hakuweka lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Swali la mwanafunzi na vipande vya ndege vikakutana. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', Ridley akaweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mwanamke mmoja.

Wenziwe hawakumshangilia. Wakubwa wa taaluma walisema ni makosa kuingiza kitu kigeni katika jicho, na kwa miaka mingi walimpinga. Ulipita muda mrefu kabla ya lenzi za namna hiyo kukubaliwa ulimwenguni, nazo zikaja kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1980. Ridley mwenyewe, uzeeni, alipata mtoto wa jicho akawekewa lenzi ya aina aliyoibuni. Mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, ndipo nchi yake ilipompa heshima ya taifa.

Siku hizi, basi, mgonjwa hubaki macho, huchomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho au hutiwa matone ya ganzi, na kazi nzima huchukua dakika kumi hadi ishirini. Jicho halitolewi nje likawekwa mezani, kama wengi wanavyohofia. Hupasuliwa mlango mdogo, lenzi mbovu hutolewa, na ule mfuko mwembamba uliokuwa umeifunika huachwa mahali pake ili uipokee lenzi mpya. Njia ziko mbili kuu. Ya kwanza hutumia mashine yenye ncha inayotetemeka kwa kasi kubwa na kuisaga lenzi ndani kwa ndani, kisha kuifyonza. Aliibuni Mmarekani Charles Kelman mwaka 1967 baada ya kukaa katika kiti cha daktari wa meno na kuona kifaa cha kusafishia meno. Mlango wake hauzidi milimita tatu. Ya pili hufanywa kwa mkono, kwa mlango wa milimita sita au saba uliokatwa kimshazari hata ukajifunga wenyewe bila kushonwa. Matajiri hupenda kusifu mashine. Mlango wake mdogo hupona upesi, hilo ni kweli. Lakini katika mikono ya mpasuaji mzoefu njia ya mkono humpa mgonjwa macho yanayokaribiana sana na yale ya mashine, kwa gharama ndogo zaidi, na haikwami umeme unapokatika. Mzee wa Singida au Lindi asirudi nyumbani kwa sababu tu ameambiwa mashine haipo.

Kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa wengi na kwa bei ya maskini kumethibitishwa huko Madurai, kusini mwa India. Mwaka 1976 Daktari Govindappa Venkataswamy, mstaafu ambaye vidole vyake vilikuwa vimepindwa na ugonjwa wa baridi yabisi, alifungua hospitali ya Aravind yenye vitanda 11. Wenye uwezo walilipa, na malipo yao yakawabeba wasio nacho. Lenzi za nje zilikuwa ghali, kwa hiyo mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, na bei ikashuka hata lenzi ikaacha kuwa kisingizio. Katika Tanzania nako hatua si haba. Idara ya macho ya KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, imefundisha madaktari wa macho wa nchi hii na wa nchi jirani. CCBRT ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Na maofisa tabibu wasaidizi walifundishwa kutoa mtoto wa jicho katika mikoa ambayo daktari bingwa hakuwako.

Hata hivyo vitanda vingine hukaa vitupu wakati vipofu wako majumbani. Ni lazima jambo hili lisemwe waziwazi. Nauli ni kikwazo, na hofu ni kikwazo. Lakini kipo kingine ambacho watu huona haya kukitaja. Anayeamua kama mgonjwa aende hospitali si mgonjwa, bali ni mwanawe anayeshika fedha. Mwana huyo hupiga hesabu: mama amekwisha kuzeeka, halimi, hasafiri, chakula anapelekewa, ya nini kuuza mbuzi? Tafiti nyingi barani Afrika, zikiwamo zilizofanywa Kilimanjaro, zimeonyesha kwamba wanawake hupata upasuaji huu kwa uchache kuliko wanaume, ingawa ndio wengi miongoni mwa vipofu. Mwenye kupiga hesabu hiyo husahau kumhesabu mtoto anayeshika fimbo, ambaye wenzake wako darasani. Naye bibi mwenyewe, ambaye yamkini angetwanga, angechambua mboga na kulea, hakuulizwa.

Mgonjwa aliyepasuliwa naye ana mambo mawili ya kuyajua. Jicho likiuma, likawa jekundu au kupoteza nuru katika siku za mwanzo, arudi hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe aliyopewa, kwa maana huenda vijidudu vimeingia. Na ikiwa baada ya miezi au miaka ukungu unarudi, asiseme kwamba mtoto wa jicho ameota tena. Lenzi ya plastiki haiozi. Ni ule mfuko wake uliofanya utando, na mwanga wa leza huutoboa kwa dakika chache bila kisu.

Kungoja kwa mtu mzima ni hasara ya miaka. Kwa mtoto ni jambo jingine kabisa. Wapo watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha, na jicho lililofungwa wakati huo huachwa nyuma, hata likifunguliwa baadaye ubongo haujui kulitumia. Weupe ndani ya mboni ya mtoto mchanga waweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huua. Mama aonaye mboni ya mwanawe imekuwa nyeupe badala ya nyeusi asiambiwe na mtu yeyote kwamba mtoto akikua itaondoka. Aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Yako maradhi ambayo upasuaji wake haurudishi kilichopotea, bali huzuia kisizidi kupotea. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, ndiyo mfano ulio karibu. Wenyeji wa Kongwa, mkoani Dodoma, wanaujua ugonjwa huu kuliko vitabu, na tangu miaka ya 1980 watafiti wamejifunza mengi katika vijiji vyao. Vijidudu hupita kutoka uso mchafu wa mtoto hadi uso wa mwingine kwa mikono, nguo na nzi. Mtoto huugua mara nyingi. Ndani ya kope hubaki makovu. Na ifikapo umri wa utu uzima makovu hayo huikunja kope kuelekea ndani hata nywele zake zikaanza kuikwaruza konea kila mtu anapopepesa. Wanawake, ambao hubeba na kulea watoto, huumia zaidi. Wengi hutembea na kibano kidogo cha kung'olea nywele hizo, nazo huota tena, fupi na kali kuliko za kwanza. Tiba ni kuipasua kope kwa ndani na kuigeuza itazame nje, kazi ambayo muuguzi aliyefundishwa huweza kuifanya katika zahanati. Lakini konea iliyokwisha kuwa na kovu haisafishwi kwa kugeuza kope. Anayepasuliwa wakati nywele mbili tatu tu zinagusa jicho huokoa jicho. Anayengoja maumivu yazidi huokoa usingizi wake tu. Ghana mwaka 2018 na Malawi mwaka 2022 zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeikomesha trakoma kama tatizo la afya ya jamii, kwa upasuaji huo, kwa dawa zilizogawiwa vijiji vizima, kwa kunawa uso na kwa vyoo.

Wapo pia wasio na ugonjwa wowote ila umbo la jicho lao halilingani na lenzi yake. Hao hawaoni mbali, au hawaoni karibu, na dawa yao ni miwani. Kila mtu aliyepita miaka arobaini hivi atafika hapo: ataanza kukisogeza kitabu mbali, na tundu la sindano litamshinda. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji wenye umri huo waliopewa miwani ya kawaida walionekana, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2018, kuongeza mavuno yao kwa zaidi ya moja ya tano kupita wenzao wasiopewa. Fundi cherehani wa hapa nchini, na mkulima anayetaka kuisoma mwenyewe mizani ya pamba yake, hawahitaji utafiti mwingine. Mijini husikika sifa za upasuaji wa leza, ambao huichonga konea ili mtu aiache miwani. Ni tiba ya kweli kwa mtu mzima ambaye macho yake yameacha kubadilika na konea yake ni nene ya kutosha. Haimfai mtoto, haimwondolei kwa kawaida mtu wa miaka hamsini haja ya miwani ya kusomea, wala haitibu mtoto wa jicho.

Uliobaki ndio mbaya kuliko yote, nao ni glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Njia ya kutokea ikiziba, msukumo hupanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu pale unapotoka nyuma ya jicho. Katika aina iliyo ya kawaida hakuna maumivu. Hakuna wekundu. Mtu hupoteza kwanza nuru ya pembeni, huku ya katikati ikibaki safi, kwa hiyo husoma gazeti kama kawaida na huku anajikwaa kwenye viti na kugongana na watu. Anapogundua, mshipa umekwisha kufa kwa sehemu kubwa, na mshipa uliokufa hauna lenzi ya plastiki ya kuwekwa mahali pake. Watu weusi huupata ugonjwa huu zaidi, na mapema zaidi, kuliko Wazungu. Kisukari pia huharibu sehemu za nyuma ya jicho kwa ukimya kama huo.

Sasa yafikiriwe mambo yanavyokwenda kijijini. Mzee haoni vizuri. Jirani yake alikuwa na mtoto wa jicho, akaambiwa angoje. Mzee naye, bila kupimwa, hujipa shauri hilo hilo. Anapofikishwa hospitali mwishowe, lenzi yake huenda ni angavu kabisa, na aliyokuwa akiingojea iive ilikuwa glakoma. Wengine wana yote mawili: hupasuliwa mtoto wa jicho kwa ustadi, na jicho likabaki gizani. Kisha hurudi kijijini, na kila amwonaye husema kwamba hospitali haifai.

Mgonjwa wa glakoma aliyewahi huweza kutunziwa alichobakiza. Yako matone ya kutiwa kila siku maisha yote, ambayo bei yake na usumbufu wake huwafanya wengi kuyaacha. Upo upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji. Ipo na leza, na habari zake zimetoka hapa hapa Tanzania. Huko KCMC wagonjwa waligawanywa makundi mawili, moja likapewa matone na jingine leza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, macho yaliyofanikiwa kwa leza yalikuwa kiasi cha sita katika kila kumi, na kwa matone kiasi cha matatu. Mgonjwa aliyefanyiwa leza hahitaji kukumbuka chupa kila asubuhi, wala kuchagua kati ya dawa na sukari ya nyumbani.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Mganga hupima msukumo wa jicho, kisha humulika ndani ya mboni na kutazama kichwa cha mshipa wa fahamu. Hilo hufanyika kwa muda mfupi kuliko uliotumika kuingoja gari barabarani. Na kwa kuwa glakoma hutembea katika damu ya ukoo, kaka, dada na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Kwa hiyo mwana anapompeleka baba yake hospitali ya macho, na baba akaonekana ana ugonjwa huo, naye apande kwenye kile kiti apimwe siku hiyo hiyo, hata kama anaona mpaka ng'ambo ya bonde.